Ndugu yako yuko gereza la jimbo California: namna ya kumfuatilia magereza yanapofungwa

Mtoto wa kaka yangu amepita magereza manne ya jimbo la California tangu 2019. Mawili kati ya hayo yamefungwa kabisa. La nne, ndilo alilomo sasa, nalo limeshatangazwa kwamba litafungwa. Mara zote nimejua amehamishwa akiwa ameshafika. Mimi ni shangazi yake, niliyempokea uwanja wa ndege wa San Diego akiwa na miaka tisa, na ndiye ninayeulizwa na mama yangu kule Tanga kila Ijumaa baada ya swala: “Mjukuu wangu yuko wapi?” Ilifika Ijumaa moja nikakosa jibu. Jumatatu yake nikanunua daftari.

Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye daftari hilo. Nayaandika kwa ajili ya akina mama wa Kikongo ninaokutana nao foleni za lango, kwa ndugu wa Mombasa na Kigoma wanaonipigia usiku wakiuliza waanzie wapi, na kwa mzazi aliyeko nyumbani ambaye kaambiwa tu “kijana kafungwa Marekani” na hajui hata gereza ni la nani. Nazungumzia California peke yake kwa kuwa ndiko nilikotembea kwa miguu yangu. Kila jimbo la Marekani lina idara yake ya magereza na kanuni zake, kwa hiyo aliye Texas au Minnesota asichukue fomu zangu akadhani zitamfaa.

Anza kwa kujua yuko mikononi mwa nani

Alipokamatwa, mtu mmoja aliniambia yuko “Otay Mesa.” Nikaendesha gari hadi huko nikiamini nimefika. Otay Mesa ni nyanda za juu kusini mwa San Diego, ukisimama pale unaiona Tijuana ng'ambo ya mpaka. Kwenye barabara ya Alta kuna jela ya kaunti ya George Bailey, iliyo chini ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Kando yake kuna gereza la jimbo la Richard J. Donovan. Hatua chache kutoka hapo kuna kituo cha kuwazuilia watu wenye kesi za uhamiaji, kinachoendeshwa na kampuni binafsi. Yote yana uzio, taa ndefu na maegesho yanayofanana. Nilisimama saa nzima kwenye lango lisilo lake.

Jela ya kaunti ni ya mahabusu wanaongoja kesi na ya waliohukumiwa kwa makosa madogo. Gereza la jimbo ni la waliokwisha kuhukumiwa kwa makosa makubwa ya sheria za jimbo. Gereza la shirikisho ni la makosa ya sheria za nchi nzima, na lina idara yake tofauti kabisa. Kituo cha uhamiaji si adhabu ya kosa la jinai, ni kizuizi cha kungojea uamuzi wa kubaki au kuondolewa nchini. Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi: tangu 2011, kwa sheria inayoitwa AB 109, watu waliohukumiwa kwa makosa yasiyo ya ukatili wanaweza kutumikia kifungo chao, hata cha miaka, kwenye jela ya kaunti. Kwa hiyo kusikia “amehukumiwa” hakutoshi. Muulize wakili wake siku hiyo hiyo ya hukumu: kifungo hiki anakitumikia kaunti, au anapelekwa CDCR?

CDCR ndiyo herufi utakazoishi nazo. Ni Idara ya Magereza na Urekebishaji ya California. Neno la urekebishaji liliongezwa kwenye jina mwaka 2005. Makao yake makuu yako Sacramento, na chini yake kila gereza lina mkuu wake. Mkuu wa gereza huwezi kumfikia kwa urahisi. Mtu utakayemhitaji zaidi ni yule anayeitwa mshauri wa mfungwa, afisa anayeshika faili la ndugu yako na kulipeleka mbele ya kamati. Jina la mshauri liandike ukurasa wa kwanza, kwa penseli, maana hubadilika.

Namba yake, na shida ya majina yetu

Akishaingia mikononi mwa jimbo anapewa namba ya CDCR, yenye herufi na tarakimu. Namba aliyokuwa nayo jela ya kaunti haina kazi tena. Hii mpya itakwenda naye kila gereza katika kifungo hicho chote, na bila hiyo barua haifiki, fedha haziingii, na mtu wa simu hakusikilizi. Mimi nimeiandika ndani ya jalada la daftari, nikaiandika tena nyuma ya picha ya marehemu kaka yangu iliyoko sebuleni, ili hata nikipatwa na lolote mwingine aikute.

CDCR ina ukurasa wake wa kutafuta wafungwa, unaitwa CIRIS. Ukiingiza jina au namba unapata umri wake, tarehe aliyopokelewa, kaunti aliyohukumiwa na gereza alilomo. Tatizo letu ni majina. Sisi tunabeba jina lako, la baba na la babu. Karani anachukua moja analoliona la mwisho, mara nyingine anaunganisha mawili, mara nyingine herufi inaruka. Kijana wetu aliandikwa kwa jina la babu yake likiwa na herufi moja pungufu. Nilitafuta siku sita. Jaribu kila mpangilio: la baba kama la ukoo, la babu kama la ukoo, bila “bin,” na kwa tahajia ya pasipoti hata kama ina makosa, kwa sababu karani alinakili kutoka humo.

Mapokezi na ngazi

Mwanamume hapelekwi moja kwa moja kwenye gereza atakalokaa. Anapitia kituo cha mapokezi: siku hizi ni North Kern, mjini Delano, au Wasco, yote yakiwa kwenye bonde la kilimo kaskazini mwa Bakersfield. Mwanamke anapokelewa Chowchilla. Huko wanampima afya, wanasoma faili lake, wanampa alama. Inachukua miezi. Usihangaike sana katika kipindi hiki; andika barua, barua hufika. Kama unakwenda bonde lile majira ya baridi, piga simu asubuhi kabla ya kuondoka, maana ukungu wake ukishuka ni mzito kiasi kwamba walinzi wa minara hawaoni uzio na shughuli husimama mpaka utawanyike.

Alama ndizo zinazoamua ngazi, kuanzia ya 1 hadi ya 4. Alama 18 kushuka chini ni ngazi ya 1. 19 hadi 35 ngazi ya 2. 36 hadi 59 ngazi ya 3. 60 na kuendelea ni ngazi ya 4, yenye ulinzi mkali kuliko zote. Urefu wa kifungo, umri na historia vinaongeza alama. Mwenendo mwema, kazi na masomo vinazipunguza mwaka hadi mwaka. Wazazi wengi hawaulizi ngazi, na mimi sikuuliza kwa miaka miwili. Uliza. Gereza lake likifungwa, ngazi ndiyo itakayoonyesha ni magereza gani yanaweza kumpokea, na hapo ndipo utakapojua wapi pa kuomba.

Kwa nini yanafungwa

Mwaka 2006 magereza ya California yalikuwa na wafungwa zaidi ya 170,000. Watu walilala vitanda vya ghorofa tatu kwenye kumbi za michezo. Mei 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Brown dhidi ya Plata, ilikubali kwamba msongamano ule ulikuwa unaua wagonjwa, na jimbo likatakiwa kushusha idadi hadi asilimia 137.5 ya nafasi zilizojengwa. Ikafuata AB 109 niliyoitaja. Mwaka 2014 wapiga kura walipunguza uzito wa makosa fulani ya wizi na dawa za kulevya, 2016 wakaruhusu watu kupata nafuu ya siku, yaani kupunguziwa kifungo, kwa masomo na mwenendo, kisha janga la korona likawatoa wengine. Leo wamebaki kama 90,000. Nafasi tupu zinagharimu fedha, na jimbo likaanza kufunga.

Deuel, karibu na Tracy, lilifungwa Septemba 2021. Gereza la California Correctional Center la Susanville lilifuata Juni 30, 2023. Gereza la kukodi la California City lilirudishwa kwa kampuni inayolimiliki Machi 2024. Chuckawalla Valley, karibu na Blythe, Novemba 1, 2024. Yakabaki magereza 31 ya jimbo. Mengine hayafungwi ila yanabadilika: San Quentin, la mwaka 1852, la zamani kuliko yote, mwaka 2023 lilibadilishwa jina likaitwa kituo cha urekebishaji, na waliohukumiwa kifo waliokuwa humo kwa miongo mingi wakatawanywa magereza mengine mwaka uliofuata. Ukipewa na jirani karatasi ya ushauri iliyoandikwa kabla ya 2021, isome kwa tahadhari. Baadhi ya magereza yaliyotajwa humo huenda hayafanyi tena kazi iliyoandikwa.

Kijana wetu alitoka Delano akapelekwa Susanville. Kutoka nyumbani kwangu San Diego ni zaidi ya maili 600, karibu uvuke jimbo zima kwenda kaskazini. Novemba 2022 akahamishiwa Chuckawalla, kusini mashariki, karibu na mto Colorado na mpaka wa Arizona. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba Chuckawalla nalo litafungwa. Katikati ya 2024 akapelekwa Norco, gereza linaloitwa California Rehabilitation Center, ambalo jengo lake la kale lilikuwa hoteli ya kifahari ya 1929, halafu hospitali ya jeshi la majini wakati wa vita. Norco haifiki maili 100 kutoka kwangu. Agosti 2025 ikatangazwa: Norco litafungwa 2026.

Nasema kwa moyo mweupe kwamba kwetu sisi kufungwa kwa magereza haya kulimsogeza mtoto nyumbani. Lakini pale Blythe nilijuana na mama mmoja wa Indio aliyekuwa akifika kila Jumapili kwa saa moja na nusu ya gari, na mwanawe alipelekwa kaskazini kabisa. Tulikumbatiana kwenye maegesho. Mimi nilikuwa natabasamu ndani kwa ndani na yeye analia, na tangu siku ile nimeacha kusema kwamba jambo hili ni jema au baya kwa wote.

Tangazo likitoka, fanya haya

Usiiamini tarehe. Susanville lilipangwa kufungwa Juni 2022. Mji ukaenda mahakamani kulitetea, kwa kuwa gereza ndilo lililokuwa likiulisha, na ikachelewa mwaka mzima. Chuckawalla lilipangwa Machi 2025 na likafungwa miezi minne kabla. Tena wafungwa hawaondoki siku ya mwisho. Wanaondolewa uwanja kwa uwanja, yaani sehemu moja ya gereza baada ya nyingine, ngazi kwa ngazi, kuanzia miezi mingi nyuma. Ukisikia tangazo, hesabu kwamba ndugu yako anaweza kuondoka wiki yoyote.

Hakuna atakayekuambia siku ya safari, hata ukilia, kwa sababu za usalama wa basi. Nilipoteza muda mwingi kuwabembeleza watu kwenye simu wakati hawaruhusiwi kusema. Badala yake, kubaliana na ndugu yako mapema juu ya dalili. Sisi tulikubaliana hivi: anapiga simu Jumatano na Jumapili. Zikipita mbili bila simu, ninafungua CIRIS asubuhi na jioni. Simu za magereza ya jimbo ni bure tangu Januari 1, 2023, kwa sheria ya SB 1008, kwa hiyo ukimya hautokani tena na kukosa fedha kama zamani. Ukimya una maana. Andika tarehe ya kila simu. Mimi nina safu ya tarehe hizo tangu 2021, na ndiyo iliyonionyesha kwamba uhamisho wa kwanza ulichukua siku kumi na moja za kimya, wa pili tano.

Mwezi wa uhamisho usiagize kifurushi. Mfungwa anaruhusiwa kifurushi kimoja kila robo mwaka, kisichozidi pauni 30, kutoka maduka yaliyoidhinishwa. Kikifika gereza alikokwishaondoka kinarudishwa au kinazunguka. Mimi nilipoteza kimoja cha viatu na kahawa kwa haraka yangu.

Mwambie aandike orodha ya mali yake kabla. Kinachoruhusiwa ni futi sita za ujazo kwa jumla ya vitu vyake: nguo, vitabu, picha, barua. Masanduku hayapandi naye, yanafuata. Karatasi za kesi na picha ambazo hazipatikani tena akutumie wewe kwa posta, uzitunze. Kijana wetu alinitumia bahasha tatu kabla ya kutoka Susanville, ndani mkiwa na vyeti vyake vyote vya masomo. Vyeti hivyo vinahesabiwa alama na siku za nafuu, na siku kimoja kilipokosekana kwenye faili, nakala ilikuwa kabatini mwangu, kwenye mkoba wa plastiki chini ya khanga za mama.

Akishafika kwingine, hakikisha mambo matatu ndani ya mwezi: mshauri mpya ni nani, ngazi imeandikwa ileile, na masomo aliyokuwa akisoma yamehamia naye. Hili la tatu linaumiza zaidi, kwa sababu darasa la gereza moja halipo lingine. Ikiwa kuna tatizo, aanze yeye kwa malalamiko ya maandishi huko ndani. Wewe ukiwa nje una milango miwili: ofisi ya ombudsman ya CDCR, yaani msikilizaji wa malalamiko, inayopokea barua pepe za familia kulingana na gereza, na baraza la familia. Magereza yana mabaraza ya ndugu wa wafungwa yanayokutana na mkuu wa gereza. Nenda hata kama Kiingereza chako kinakwama. Kwenye baraza ndiko nilikosikia kwamba uwanja wa kijana wetu ungeondolewa wa kwanza, wiki kadhaa kabla ya kuona chochote kwingine.

Na majina yanayofanana yasikukoseshe. Susanville kulikuwa na magereza mawili jirani. Moja limefungwa, la pili, High Desert, lipo. Blythe vivyo hivyo: Chuckawalla limekufa, Ironwood la kando yake liko hai. Mtu akikuambia “gereza la Blythe limefungwa,” muulize lipi.

Kumtembelea

Mfungwa ndiye anayeanza. Anakutumia fomu namba 106, iliyo na saini yake, nawe unaijaza na kuirudisha kwa posta. Kila swali lijibu kwa ukweli, hasa linalouliza kama umewahi kukamatwa. Hata kesi ya kuendesha gari umelewa ya miaka ishirini iliyopita iandike. Wanachokataa mara nyingi ni kuficha, hata kuliko kosa lenyewe. Dada mmoja tunayesali naye alinyimwa kwa kosa ambalo lingepita kama angelitaja. Pasipoti ya nchi yako, kama haijaisha muda, inatosha kwa kitambulisho. Ukikubaliwa, idhini hiyo humfuata anapohamishwa, huanzi upya. Miadi uliyoweka gereza la zamani ndiyo inayokufa, kwa hiyo weka mpya mtandaoni. Siku ni Jumamosi na Jumapili, na mahali pengine Ijumaa pia.

Mavazi. Usivae jinzi ya buluu, usivae rangi ya chungwa, usivae suruali ya kijani kibichi cha msitu pamoja na blauzi ya kaki, usivae madoa ya kijeshi. Rangi hizo ni za wafungwa au za askari. Sidiria yenye waya inapiga kelele kwenye mashine ya kukagua chuma. Nililijua hili baada ya kuendesha gari usiku kucha na kufika lango moja nikiwa na sketi ya jinzi. Nilirudi mjini, nikasubiri duka lifunguliwe saa tatu asubuhi, nikanunua sketi nyeusi, nikabaki na dakika arobaini za kukaa naye. Tangu hapo gauni la kitenge refu, lisilo na mkanda, liko kwenye buti ya gari, na la pili kwa ajili ya yeyote atakayekwama mbele yangu. Nimeshaligawa mara nne.

Ukimpeleka mtoto asiye wako, hata kama ni mwanawe mfungwa, beba cheti cha kuzaliwa cha asili na barua ya mzazi au mlezi wake yenye muhuri wa notari. Binti wa kijana wetu ana miaka saba. Hupanda gari nami akiwa na karatasi zake ndani ya bahasha, na huishika mwenyewe.

Fedha na matibabu

Kuhusu fedha nitasema fupi: kama mahakama ilimwamuru kulipa fidia, sehemu kubwa ya kila dola unayomtumia, hata nusu, inakatwa kabla haijamfikia. Ulijue hilo kabla ya kufikiri kwamba ametapanya.

Matibabu ni jambo la kukaa nalo. Huduma ya afya ya magereza haya iko chini ya msimamizi aliyewekwa na mahakama ya shirikisho tangu 2006, na ni mkono tofauti na ulinzi. Ukimpigia askari kuhusu dawa ya pumu hana la kukujibu. Mwambie ndugu yako ajaze fomu namba 7385, inayoruhusu wahudumu wazungumze nawe juu ya afya yake. Aijaze akiwa mzima. Kijana wetu ana pumu, na Blythe wakati wa kiangazi joto lake hupita nyuzi 45 za Selisiasi. Kila anapohamishwa ninatuma barua ya ukurasa mmoja kwa upande wa afya wa gereza jipya: jina, namba, ugonjwa, dawa, lini alishikwa mara ya mwisho. Nakala inakwenda kwake naye aibebe mkononi.

Kama si raia wa Marekani

Hapa ndugu zangu wengi hulala. Kijana wetu alikuja na kadi ya kijani akiwa mdogo na hatukumwombea uraia, tukisema “tutafanya mwakani.” Miaka ikapita. Mfungwa asiye raia, hata mwenye kadi, anaweza siku ya kumaliza kifungo akakutana langoni na maafisa wa uhamiaji, kwa kuwa magereza ya jimbo la California huwaarifu. Sheria ya jimbo inayozuia polisi wa kaunti kusaidiana na uhamiaji haikuyagusa magereza ya CDCR. Mtu anatoka kifungo cha miaka sita na anaingia kizuizi kingine siku hiyo hiyo.

Basi usingoje mwaka wa mwisho. Tafuta wakili anayejua jinai na uhamiaji kwa pamoja, na umwulize kuhusu kifungu 1473.7 cha sheria ya jinai ya California. Kinamruhusu mtu kuomba hukumu ifutwe kama alikiri kosa bila kuelewa kwamba kukiri huko kutamwondoa nchini. Wako wanaojiita mawakili, wanakula fedha na kutoweka. Mtu wa namna hiyo alitumalizia akiba ya mwaka. Hakikisha namba yake ya uwakili kwenye rejesta ya chama cha mawakili cha jimbo kabla hujampa hata dola.

Ubalozi nao una nafasi. Chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963 mgeni aliyekamatwa ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani inalazimika kuzijulisha hata asipoomba mwenyewe; Mkenya lazima aombe. Usidhani wameshafanya. Piga simu ubalozi wa Tanzania ulioko Washington, au ubalozi mdogo wa Kenya ulioko Los Angeles, uwape jina na namba. Kadhalika aliye nyumbani asiye na ndugu Marekani anaweza kuanzia hapo.

Kuomba asogezwe karibu

Kuna sheria inayoitwa AB 1226, iliyoanza kutumika Januari 2024. Inaitaka CDCR impangie mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 18 gereza linalomfaa lililo karibu zaidi na anakoishi mtoto huyo, mradi ngazi yake na usalama vinaruhusu na mwenyewe anataka. Wengi niliowauliza kwenye foleni hawajaisikia. Ombi linapitia kwa mshauri na kusikilizwa na kamati inayopitia faili lake kila mwaka, na kufungwa kwa gereza ni wakati mzuri wa kulileta, kwani lazima apelekwe mahali.

Tulichoandaa ni hiki: nakala ya cheti cha kuzaliwa cha binti chenye jina la baba, barua ya shule yake ya Chula Vista inayoonyesha anwani, barua ya mama yake kwamba anakubali, na orodha ya tarehe zote tulizomtembelea tangu Susanville, iliyonakiliwa kutoka kwenye daftari. Kijana ameambatanisha ombi lake aliloliandika kwa mkono. Juu ya kila karatasi kuna namba yake. Seti moja iko kwa mshauri, moja kwake, moja kabatini.

Mama aliponiuliza Ijumaa iliyopita nilimsomea anwani ya Norco, namba ya jengo na namba ya kitanda. Akaniambia nisome taratibu, anaandika.